Macho ya Kuazima

Muuguzi alishika uzi mwembamba wa nailoni, akauinua juu ili sote tuuone, na mimi, fundi wa nguo tangu ujana wangu, sikuuona.

Niliona vidole vyake viwili vimebana kitu. Niliona kidole gumba cha mguu wa mwenzetu tuliyemwita Dereva, chenye ukucha uliokufa siku alipoangukiwa na jeki, kikisubiri. Kati ya vidole vile na kidole kile hapakuwa na kitu chochote. Lakini kila muuguzi aliposogeza mkono, Dereva, ambaye alikuwa amefumba macho kama alivyoagizwa, alisema, "Hapo." Kisha tena, "Hapo." Kisha akanyamaza. Mkono ulikuwa umesogea naye kanyamaza, na wenzangu wote wakainama mbele kwa wasiwasi, maana uzi ulikuwa umemgusa na hakuhisi. Nami nikainama. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, nikisikitikia kitu nisichokiona.

Tulikuwa tumekaa kwa duara katika chumba cha nyuma cha zahanati, viatu vyetu vimepangwa ukutani. Mezani kulikuwa na vyakula vya plastiki ambavyo muuguzi alivitumia kutufundisha kupanga sahani: ndizi, vipande vya mkate, yai lililokatwa nusu, na samaki aliyebanduka jicho. Kila somo lilianza kwa swali moja. "Haya, nani amechanganyikiwa leo?" Aliyenyoosha mkono ndiye aliyejibiwa kwanza, na mimi nilikuwa hodari wa kunyoosha. Siku ile ya uzi sikunyoosha. Nilirudi nyumbani nikiwa nimevaa kiatu cha kushoto cha Dereva, na sikugundua mpaka kilipoanza kunivuka njiani.

Mambo yote haya yalianza kwa raha, na hilo ndilo lililonivuruga akili.

Nilikuwa mtu wa miwani. Miaka mingi nilikuwa sishiki sindano kabla ya kuivaa. Asubuhi moja niliisahau nyumbani. Nikakaa kwenye cherehani nikijilaumu, nikachukua sindano na uzi, nikajaribu tu ili mikono isikae bure. Uzi ukapita mara ya kwanza. Nikautoa, nikautia tena. Ukapita. Niliinua kipande cha kitambaa nikahesabu mishono yake, mmoja mmoja, na nikabaki mdomo wazi.

Kwa mbali, kusema kweli, mambo hayakuwa sawa sana. Nilimpungia mkono mwanamke mmoja ng'ambo ya barabara, nikimwita shemeji kwa bashasha zote, naye akakaza mwendo. Lakini fundi ana shida gani na ng'ambo ya barabara? Kazi yangu iko umbali wa kiganja. Mke wangu, ambaye miwani yake ni nene kuliko yangu, alinuna kabisa. "Yaani wewe ndiye umeota macho mapya uzeeni," alisema, akaitupa miwani yangu kwenye droo ya vijiko.

Aliyefurahi ni mama. Mama alikuwa anaishi peke yake katika nyumba tuliyokulia, na kila nilipomtembelea nilikuwa namtungia sindano: natia uzi mweupe kwenye hii, mweusi kwenye ile, wa kahawia kwenye nyingine, nazichomeka kwenye kimto chake ili azikute tayari siku kifungo kikikatika. Ilikuwa ndiyo salamu yetu. Aliponiona nazitunga bila miwani alipiga makofi polepole. "Nilikuwa nakuombea hilo," alisema. "Nilisema, huyu asiende alikokwenda baba yake."

Baba yangu alikufa kipofu. Nyumbani kwetu habari hiyo ilisimuliwa kwa pumzi moja: walimpeleka hospitali, wakamwanzishia sindano za sukari, akapofuka. Hakuna aliyewahi kuongeza neno katikati. Mama alimshika mkono kumpeleka uani na kumrudisha kwa miaka yote iliyobaki, na alipokuwa akipita nje ya hospitali ile alikuwa anahama upande wa barabara.

Basi nikala raha yangu. Nilikuwa nakunywa maji jagi zima kwa mkupuo na kwenda uani kila mara, nikasema ni joto. Suruali zikaanza kunipwaya. Nikazipunguza kiuno kwa mkono wangu mwenyewe, nikifurahi kwamba kitambi kimeniaga. Nilipozipunguza mara ya pili mke wangu alinitazama kwa muda, akaweka chini bakuli alilokuwa akilifuta.

"Mtu hapungui hivi kwa furaha," alisema. "Vaa viatu."

Ndivyo nilivyofika zahanati, nikatolewa tone la damu kidoleni, nikaambiwa nina kisukari, nikapewa vidonge, nikapangiwa somo la kikundi kila Alhamisi alasiri.

Wenzangu wengi walikuwa wazoefu. Dereva, aliyestaafu malori, alikuwa na ugonjwa huo muda mrefu kiasi cha kuuita "mke mdogo". Mimi nilikuwa mgeni na kila nililosikia lilipingana na lile la jana yake. Matunda ni mazuri, lakini usiyafakamie. Sukari ikipanda ni hatari, ikishuka nayo ni hatari, na mtu anaweza kutoka jasho kwa hii na kuchoka kwa ile, au kinyume chake. Uchungu wa majani uliyokunywa hauiondoi sukari mwilini. Kutembea ni dawa, lakini tazama unyayo kila siku, maana unaweza kutembea na msumari kiatuni usijue. Nilikuwa nanyoosha mkono, nikijibiwa, naelewa kwa dakika chache, kisha nikifika nyumbani najikuta nimesimama mbele ya sahani nikiwa sijui nianzie wapi. Mke wangu akiniuliza wamesema nini, nilikuwa naanza kumweleza na kuishia katikati.

Hata hivyo nilitii. Nilikunywa vidonge, nikaacha sukari kwenye chai, nikala nusu ya nilichozoea. Na kadiri nilivyotii, ndivyo macho yalivyoniacha.

Kwanza tundu la sindano lilififia. Nikarudi kwenye droo ya vijiko, nikavaa miwani yangu ya zamani, nayo haikunisaidia kitu. Herufi za gazeti zilikuwa zinatambaa. Cha ajabu, yule mwanamke wa ng'ambo ya barabara sasa nilimwona vizuri mno, hakufanana hata kidogo na shemeji. Lakini kiganja changu mwenyewe kilikuwa na ukungu. Mwezi wa kwanza wa vidonge, nikawa fundi anayeshona kwa kupapasa.

Na ulikuwa mwezi mbaya kuliko yote. Binti yangu wa pekee alikuwa amemaliza masomo yake ya sheria na siku ya kuapishwa kuwa wakili ilikuwa imekaribia. Tangu alipokuwa mdogo nilimwambia kwamba akifika huko, joho lake nitalishona mimi, si kununua. Kitambaa kilikuwa kimekatwa tayari, cheusi. Uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, pindo lote kwa mkono. Anayejua kushona anajua maana yake. Nilikaa na joho lile magotini asubuhi nzima, nikajichoma vidole, na nilipomwita mke wangu aangalie alipitisha mkono juu ya mshono, akasema umekaa vizuri. Sauti yake ilinionyesha kwamba haukukaa. Alhamisi ile sikwenda kwenye somo. Nilibaki kufumua.

Baada ya somo la uzi na kiatu cha Dereva nilishindwa kuvumilia, nikaenda kwa mama. Sikumwambia kitu. Alinipa kimto na sindano, kwa kawaida yetu, nami nikajaribu, nikakosa, nikajaribu tena. Mama aliweka mkono wake juu ya mkono wangu kunizuia.

"Ni tangu uanze hizo dawa?"

"Ndiyo, mama."

"Basi imeanza. Mwanangu, mimi siwezi kushika mkono wa mtu wa pili. Acha vidonge hivyo. Acha leo."

Ungekuwa wewe ungefanyaje? Muuguzi alikuwa msichana niliyemfahamu kwa wiki chache. Mama nilimfahamu maisha yangu yote, na baba nilimwona kwa macho yangu akitafuta mlango kwa mkono. Nilitia vidonge nyuma ya picha ya ukutani. Nikarudi kwenye chai yangu ya zamani, vijiko vimejaa, na soda wakati wa kazi. Mke wangu aliniona na soda, akafungua mdomo, akaufunga. Alikuwa ameona vidole vyangu.

Na macho yakarudi. Sitii chumvi. Siku hadi siku tundu la sindano lilijichonga upya, ukingo wake ukawa mkali, mpaka asubuhi moja uzi ukapita bila miwani, mara ya kwanza. Nilicheka peke yangu dukani. Nililishona pindo lile jeusi kwa mishono midogo, iliyolingana, isiyoonekana hata ukiigeuza nguo, na mpaka leo sijawahi kushona kitu kizuri kuliko kile. Nilikuwa na kiu isiyokatika na miguu ilikuwa mizito, lakini nilishona. Binti yangu aliapishwa akiwa ndani yake. Nilikaa safu ya nyuma. Uso wake sikuuona kwa sababu ya umbali, ila joho nililitambua kwa jinsi lilivyoanguka mabegani.

Alhamisi iliyofuata nikaenda zahanati. Sikwenda kujifunza. Nilikwenda kuwafumbua macho.

"Nani amechanganyikiwa leo?" muuguzi aliuliza.

Sikunyoosha mkono, nilisimama kabisa. Nikawaambia yote: macho yalivyokuwa, vidonge vilivyoyatia ukungu, nilivyoviacha na yalivyorudi. Nikamtaja na baba. Nikatoa sindano na uzi mfukoni, nikautia mbele yao. "Mimi nimechanganyikiwa hivi," nikasema. "Mnasema mnaniponya, na nikiponywa sioni. Nikiugua naona. Nifuate lipi?"

Mama mmoja mbele yangu alianza kupekua mkoba wake, akatoa vidonge vyake, akawa anavitazama. Hapo ndipo nilipoona muuguzi ameogopa. Alikuja na kimashine chake cha kupimia sukari, akanishika kidole, akakitoboa, akasubiri. Kimashine hakikutoa namba. Kiliandika tu kwamba kiwango kimepita uwezo wake wa kupima.

"Kaa, mzee wangu," alisema taratibu. "Hili nililifundisha Alhamisi ile hukuwepo."

Akachukua yai lile la plastiki kuonyesha jicho. Alisema ndani ya jicho kuna kioo kidogo, na sukari ikikaa juu siku nyingi kioo hicho hutuna. Kikituna, watu wengine wenye umri wangu huanza kuona vitu vya karibu bila miwani, na hufurahi. Sukari ikishushwa, kioo kinarudi kwenye umbo lake, na kinaporudi mtu huona ukungu. "Wiki kadhaa, mpaka jicho litulie," alisema. "Ukungu huo unapita. Tunawaambia msinunue miwani kwanza, subirini upite. Lakini ukiiacha sukari huko juu kwa sababu unaona vizuri, kuna mishipa midogo nyuma ya jicho inaharibika kimyakimya. Hiyo haina maumivu. Na ikishaharibika, hatuwezi kuirudisha ilivyokuwa."

"Kwa hiyo," Dereva alisema, "Fundi alikuwa na macho ya kuazima. Mwenyewe kaja kuyachukua, Fundi kamfungia mlango."

Watu walivunjika mbavu, hata yule mama mwenye mkoba. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelishikilia neno moja la muuguzi. Ukungu huo unapita. Nilikuwa namfikiria baba, na ile habari yetu ya pumzi moja, na kwa mara ya kwanza nilijiuliza kuna nini katikati yake.

Muuguzi alinipeleka kwa daktari siku hiyohiyo, nikapewa maji ya mshipani, nikakaripiwa, nikarudishiwa vidonge. Niliporuhusiwa nilipitia kwa mama.

"Baba aliacha sindano lini?" nikamuuliza.

Alikuwa anachambua mchele kwenye sinia. Hakushangaa. Nadhani alikuwa amengoja miaka mingi mtu amuulize, apate kusifiwa.

"Alipoanza kuona ukungu," alisema. "Hata uso wangu akawa haupati vizuri. Daktari akamwambia avumilie, utapita. Baba yako naye akawa anarudia hivyohivyo, utapita, utapita. Mimi nikasema hapana. Nilizitupa chooni mwenyewe, na vichupa vyake. Na macho yakarudi, mwanangu. Akaniona vizuri, tukakaa hivyo muda mrefu, mpaka ile sumu waliyokwisha kumtia ilipomaliza kazi yake." Akapuliza makapi. "Lakini ule muda nilimpa mimi."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Kioo, kutuna, mishipa ya nyuma. Nilimtazama akichambua mchele kwa kuupapasa, mzee wa watu, na moyo uliniuma. Nilisema tu kwamba nimerudi kwenye vidonge.

Sinia ilisimama. "Kwa hiyo ukungu utarudi."

"Utarudi. Halafu utapita."

Siku ile mama hakunipa sindano za kutunga.

Ukungu ukarudi kweli. Nilifunga duka, nikakaa nyumbani nikimsaidia mke wangu kazi zisizohitaji macho, na kila asubuhi niliamka na woga uleule, kwamba labda msichana yule amekosea na mama yuko sahihi. Sijawahi kuogopa vile. Nilikwenda kila Alhamisi. Nani amechanganyikiwa leo? Mimi. Muuguzi alikuwa ananijibu jibu lilelile, bila kuchoka, na Dereva alinishika mkono kunivusha barabara huku akinitania kwamba safari hii kila mtu avae viatu vyake. Kisha, sikumbuki ilikuwa asubuhi ipi, nilivaa miwani yangu ya zamani, nikasoma maandishi kwenye kiberiti bila kukisogeza mbali. Wiki chache baadaye nilipimwa, nikapata miwani mpya. Mishipa ya nyuma ilikuwa imeguswa kidogo tu, walisema. Nimewahi.

Nikawa na kazi moja iliyobaki, na sikujua namna ya kuifanya. Nikimwambia mama kwamba ukungu umepita, nitakuwa nimemwambia la pili, lile la baba, bila kulitamka. Nilizunguka nyumba yake mara mbili kabla ya kubisha hodi. Miwani niliivua mlangoni, nikaiweka mfuko wa shati.

Alinikaribisha, akaniuliza hali ya mkwe wake, hali ya wakili wetu. Kisha akaleta kimto, na sindano, na kibonge cha uzi mweusi. Gauni lake lilikuwa limekatika kifungo.

"Nitungie."

Nilichukua sindano. Bila miwani ningeweza kukosa kihalali, lakini mikono yangu ina mazoea mengi, niliogopa isije ikanisaliti. Basi nikaupeleka uzi pembeni kwa makusudi. Nikaulamba, nikaupeleka pembeni tena. "Bado, mama," nikasema.

Mama alikuwa ananitazama.

"Vaa miwani yako," alisema. "Nimeiona mfukoni tangu ulipokaa."

Niliivaa. Uzi ukapita mara ya kwanza, nikauvuta, nikafunga fundo, nikampa. Mama aliinua sindano kwenye mwanga wa dirisha na kuutazama uzi ule unavyoning'inia, muda mrefu kuliko unavyotazamwa uzi.

"Kwa hiyo hupita," alisema.

"Si kwa wote, mama."

Sijui kama ni kweli. Sikuwahi kumuuliza muuguzi, ingawa nilikuwa na Alhamisi nyingi za kumuuliza. Mama aliitikia kwa kichwa, akavuta gauni magotini, akaanza kushona kifungo. Alikishona imara, akazungusha uzi chini yake kama alivyonifundisha zamani, akaukata kwa meno. Kisha akanyanyuka kwenda jikoni. Nilisikia sufuria, nilisikia vikombe, halafu kimya, halafu sauti yake ikitoka kule, ndogo, ikiniuliza kama kwenye chai yangu aweke sukari au asiweke. Hakuwahi kuniuliza hilo hata siku moja.